Mstari wa Ramani Huvuja: Tunayojifunza Katika Kupanga Upya Mipaka ya Shule

Nchini Marekani, anwani ya nyumba ndiyo huamua watoto wengi wa shule za umma wasome wapi. Bodi ya wilaya ya shule (eneo ambalo shule zake za umma ziko chini ya bodi moja) huchora mipaka, na kila nyumba huangukia upande wa shule fulani. Mitaa ikigawanyika kwa kipato, mipaka hiyo huuingiza mgawanyiko darasani. Unakuta shule mbili zilizo dakika kumi kwa gari, moja ina watoto wanane kati ya kumi kutoka kaya za kipato cha chini, nyingine mmoja kati ya kumi. Kusogeza mstari ili watoto hawa wasome pamoja huonekana ni kazi ya mchora ramani. Wanaoifanya hugundua upesi kwamba ramani ni sehemu ndogo tu. Mstari wowote huvuja. Zipo njia nyingi halali za kuukwepa, na familia zenye gari, muda na taarifa huzijua zote. Kwa hiyo mpango haupimwi kwa rangi za ramani siku ya kura. Hupimwa kwa kuhesabu nani ameketi darasani mwaka wa tatu.

Sheria itangulie, maana ndiyo inayosema unaruhusiwa kutazama nini. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley iliyohusu Detroit, Mahakama ya Juu ilikataa kuchanganya wanafunzi wa jiji na wa wilaya zinazolizunguka bila ushahidi kwamba wilaya hizo zilichangia ubaguzi wenyewe. Tangu hapo bodi hucheza ndani ya uwanja wake. Mwaka 2007, katika kesi za Seattle na Louisville zilizoamuliwa kwa kura 5 kwa 4, mahakama hiyo ilizuia kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kutazama rangi yake. Hata hivyo Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyotimiza tano, aliandika maoni yake kando kwamba kuchora maeneo ya shule kwa kuzingatia kwa jumla sura ya mitaa kunaruhusiwa. Kipato hakijawekewa kizuizi kama hicho cha rangi, na hiyo ni sababu moja wilaya kadhaa zilihamia kwenye kipato. Kabla ya kuendelea, jiulize swali moja la hesabu: wilaya nzima ina asilimia ngapi ya watoto wa kipato cha chini? Ikiwa ni 85, hakuna mstari wa ndani utakaokupa shule mchanganyiko. Okoa muda wa watu.

Sasa kipimo cha umaskini, mahali ambapo mipango mingi huharibika kimyakimya. Kwa miongo mingi wilaya zilihesabu watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu. Cha bure ni kwa kaya zenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, cha bei nafuu hadi asilimia 185. Kisha sheria ya mwaka 2010 ikaruhusu shule zenye umaskini mwingi kulisha watoto wote bure bila fomu, na utaratibu huo ukafunguliwa nchi nzima mwaka wa masomo 2014/15. Kiwango cha chini cha kuingia kilikuwa asilimia 40 ya wanafunzi wanaotambuliwa moja kwa moja kupitia misaada mingine. Mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. Ni jambo jema kwa tumbo la mtoto na balaa kwa takwimu. Shule iliyoingia humo mara nyingi huandikwa kwamba watoto wake wote, asilimia 100, ni wa chakula cha bure. Ukiisoma tarakimu hiyo bila kujua, utadhani umaskini umeruka ndani ya kiangazi kimoja, na utahamisha watoto kufuata kivuli.

Tumia badala yake orodha ya watoto wanaotambuliwa moja kwa moja: walio kwenye msaada wa chakula wa SNAP, wasio na makazi, walio katika malezi ya kambo chini ya serikali, na katika majimbo yanayoruhusu, walio kwenye Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Orodha hiyo huwapunja wahamiaji ambao hawaombi misaada hata wanapostahili, kwa hiyo mtaa wa wahamiaji utaonekana tajiri kuliko ulivyo. Takwimu za sensa za wastani wa miaka mitano husaidia kurekebisha, lakini zisitumike peke yake. Kundi la vitalu vya sensa kwa kawaida hubeba watu 600 hadi 3,000, na katika eneo dogo namna hiyo kiwango cha makosa huwa kikubwa kiasi cha kumeza tofauti unayoitafuta. Isitoshe, sensa inahesabu wakazi wote, wakiwemo wazee wasio na mtoto shuleni. Njia tunayoiamini ni kuunganisha vitu vitatu kwa kila mtaa: sehemu ya watoto wanaotambuliwa moja kwa moja, kipato cha kati cha kaya, na elimu ya wazazi. Kisha mitaa yote ipangwe katika makundi matatu au manne. Makundi kumi ni mapambo tu.

Ukishapata kipimo, hesabu mgawanyiko ulivyo leo. Kielelezo kinachotumika zaidi hujibu swali hili: ni sehemu gani ya watoto wa kipato cha chini ingelazimika kuhama ili kila shule ifanane na wastani wa wilaya? Chukua wilaya ya kufikirika yenye shule nne za watoto 500 kila moja. Watoto wa kipato cha chini ni 400, 250, 100 na 50, jumla 800 kati ya 2,000, yaani asilimia 40. Kwa kila shule, gawanya watoto wake wa kipato cha chini kwa 800, wengine kwa 1,200, chukua tofauti bila kujali alama ya kutoa, jumlisha tofauti zote nne, gawa kwa mbili. Unapata 0.52. Ukifaulu kufikisha 300, 240, 150 na 110, kielelezo kinashuka hadi 0.29. Hakuna shule iliyogeuka kuwa ya mfano, ila ile ya kwanza imetoka asilimia 80 hadi 60, na hapo mwalimu anaanza kupumua.

Wangapi wamehama kwa mabadiliko hayo? Kwenye karatasi ni 110 wa kipato cha chini na 110 wa wengine, jumla 220, asilimia 11 ya wilaya. Usimpe mtu yeyote tarakimu hiyo. Mtaa halisi una nyumba za kupanga zimeegemeana na nyumba za kununua, na mstari huhamisha zote kwa pamoja, hivyo idadi ya kweli huwa kubwa zaidi, wakati mwingine mara mbili. Utafiti mmoja wa kutumia programu za kompyuta katika wilaya 98 za Marekani, ambao ulipima mgawanyiko wa rangi na si wa kipato, ulionyesha mgawanyiko ukipungua kwa takriban asilimia 14 kwa wilaya ya kati, huku mtoto mmoja hivi kati ya watano akibadili shule na muda wa safari ukipungua kidogo. Hilo la muda wa safari ndilo la kulishika. Mipaka mingi iliyopo haikuchorwa kwa ajili ya ukaribu. Ni masalio ya shule zilizofungwa, mashamba yaliyogeuka mitaa, na mapatano ya zamani ambayo hakuna aliyebaki wa kuyaeleza. Nafasi ya kuchanganya bila kurefusha safari mara nyingi ipo, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mstari hauchorwi kwa mkono huru. Wilaya hukatwa kwanza katika vipande vidogo visivyogawanyika, kisha vipande ndivyo vinavyohamishwa. Berkeley, California, katika mpango wake wa 2004, ilikata mji katika vipande takriban 445 vya vitalu vinne hadi vinane, kila kimoja kikapewa alama ya 1 hadi 3 kwa kipato, kiwango cha elimu cha watu wazima na rangi za wakazi wa kipande kizima. Mtoto hubeba alama ya kipande chake, awe nani mwenyewe, na mahakama ya rufaa ya California iliukubali utaratibu huo mwaka 2009. Jingine la kujifunza huko ni umbo. Milima ya mashariki ina wenye nacho, tambarare ya magharibi kando ya ghuba ina wenye kipato kidogo, na kanda tatu za shule za msingi zilinyoshwa kutoka mlimani hadi ufukweni kama vipande vya nyama kwenye mshikaki. Ukikata sambamba na mlima unapata shule za tabaka moja. Ukikata kuushuka mlima, kila kanda ina watu wa kila aina.

Vipande vikiwa vikubwa mno, mstari hauna ujanja wa kupenya. Vikiwa vidogo mno, watoto watatu wa mtaa mmoja wataenda shule tatu. Watoto 20 hadi 60 wa shule ya msingi kwa kipande ni kipimo kinachofanyika. Jengo la ghorofa la kupanga lisikatwe katikati kamwe. Hakikisha pia anwani zimeketi mahali pake kwenye ramani, kwa sababu programu hupenda kurundika wapangaji wote wa kiwanja kimoja cha ghorofa kwenye lango la ofisi ya meneja, na sanduku la posta hugeuka kuwa posta yenyewe. Kila mara chukua anwani 200 kwa bahati nasibu na uzikague kwa macho kabla ya kuhamisha kipande hata kimoja.

Uwezo wa majengo nao una mtego. Mchoro wa jengo unasema watoto 600, lakini vyumba vinne vinatumiwa na elimu maalumu kwa watoto wanane kila kimoja, kimoja ni cha chekechea ya awali, kimoja cha mafunzo ya Kiingereza. Uwezo wa kweli unaweza kuwa 470. Shule yenye watoto wengi wenye mahitaji huwa na vyumba vingi vya namna hii, na ukiijaza kwa kufuata mchoro unavifukuza bila kujua. Jaza hadi asilimia 85 au 90 ya uwezo wa kweli, usizidi, maana zinazobaki ndizo nafasi za watakaohamia katikati ya mwaka.

Basi ndilo linalovunja ramani nyingi nzuri. Basi kubwa la njano lenye viti 24 vya benchi huandikwa kuwa linabeba 72, watatu kwa kila kiti. Hiyo ni hesabu ya watoto wadogo. Kuanzia darasa la tano na kuendelea panga wawili kwa kiti, yaani 48. Zaidi ya hapo, basi moja kwa kawaida hufanya mizunguko miwili au mitatu asubuhi: shule ya sekondari, kisha ya kati (iliyo kati ya msingi na sekondari), kisha ya msingi, kengele zikipishana kwa dakika 40 au zaidi. Mpaka mpya ukirefusha mzunguko wa kwanza kwa dakika 12, wa pili unachelewa, na wa tatu unahitaji basi jingine na dereva mwingine, na madereva hawapatikani kama mchicha. Ndiyo maana meneja wa usafiri aketi kwenye kamati tangu siku ya kwanza, asiletewe ramani iliyokamilika. Mwambie akupe dakika kutoka kituo cha kwanza hadi mlangoni, pamoja na kila kusimama. Umbali wa mstari ulionyooka ni hadithi tu. Weka kikomo kabla hujaona ramani yoyote, tuseme dakika 35 kwa shule ya msingi, na ramani itakayokivuka itupwe hata ikiwa na kielelezo kizuri namna gani.

Kuna suala jingine la basi linalohitaji kusemwa wazi: nani anapanda. Baada ya hukumu ya Brown ya 1954, iliyokataza kutenganisha watoto shuleni kwa rangi, katika sehemu nyingi shule zilizofungwa zilikuwa za watoto weusi, na waliosafirishwa mbali walikuwa watoto weusi. Mpango wa leo unaweza kurudia jambo hilo hilo kwa kipato bila mtu kulikusudia, kwa sababu kuhamisha uwanja mmoja wa ghorofa wenye watoto 90 ni rahisi kuliko kuhamisha mitaa mitano ya nyumba za kujitegemea. Programu ya kompyuta ikiachwa huru itachagua ghorofa kila mara. Kwa hiyo kila ramani iambatane na safu mbili: asilimia ya watoto wa kipato cha chini wanaohamishwa, na asilimia ya wengine wanaohamishwa. Ya kwanza ikiwa mara tatu ya pili, hiyo si ramani ya haki.

Visiwa vinatokana na hapo hapo. Kisiwa ni mtaa uliopangiwa shule isiyopakana nao, watoto wakipita shule moja au mbili njiani. Huleta mchanganyiko mzuri kwenye jedwali. Lakini muuguzi wa shule akipiga simu kwamba mtoto ana homa, mzazi asiye na gari atafikaje? Basi la wilaya halirudi saa tano asubuhi. Kisiwa kinavumilika tu pale ambapo usafiri wa umma unafika, na mpango una basi la jioni kwa michezo na la jioni ya mkutano wa wazazi. Vinginevyo mtoto ataandikwa shule hiyo lakini mzazi wake hatajulikana humo.

Pale shule mbili za tabaka tofauti zinapopakana, ipo njia isiyohitaji visiwa: kuziunganisha kwa madarasa. Princeton, New Jersey, ilifanya hivyo mwaka 1948, na njia hiyo bado inaitwa kwa jina la mji huo. Shule moja inachukua wadogo wote wa maeneo yote mawili, nyingine wakubwa wote. Hakuna mtaa unaoweza kudai umeonewa, kwa kuwa wote wanafanya safari ile ile. Gharama zake: ndugu wawili wanaweza kuwa na kengele mbili katika majengo mawili, mtoto anapata mpito mmoja zaidi, na jengo la wadogo linahitaji vyoo vya kimo chao na uwanja wa michezo unaowafaa. Linganisha kengele kwa kupishanisha dakika 20 ili mzazi mmoja aweze kufika kote kuwili.

Sasa matundu.

La kwanza ni msamaha kwa walioanza. Kila bodi huwaahidi baadhi ya watoto kwamba wataachwa wamalizie pale walipoanzia, na ni ubinadamu. Lakini ukiwasamehe wote katika shule yenye chekechea hadi darasa la tano, mpango unaingia darasa moja kwa mwaka, na utachukua miaka sita kukamilika. Ukiwasamehe na wadogo zao pia, hata sita haitoshi. Bodi itakuwa imechaguliwa upya zaidi ya mara moja kabla matokeo hayajaonekana. Lililo baya zaidi ni msamaha usio na basi. Karatasi inasema kila mtoto anaweza kubaki, ila usafiri ni juu ya mzazi. Huo ni msamaha wa wenye gari. Wenye nafuu hubaki, wa kipato cha chini huhama, na shule unayotaka kuichanganya inapokea nusu ya mpango, ile nusu isiyoichanganya. Kanuni inayofanya kazi ni finyu: darasa la mwisho tu, pamoja na ndugu wa mtoto huyo kwa mwaka huo mmoja, na basi linatolewa kwa wote au halitolewi kwa yeyote. Wenye mipango maalumu ya elimu watazamwe mmoja mmoja.

La pili ni maombi ya uhamisho. Kila wilaya ina fomu: mlezi wa jioni yuko upande ule, mzazi ni mwalimu katika shule ile, sababu ya kiafya. Zote zinaweza kuwa za kweli. Katika mwaka wa mpaka mpya, hata hivyo, fomu huongezeka ghafla, na hazitoki pande zote sawasawa. Wilaya iziorodheshe kwa kipande cha ramani na kundi la kipato kila mwezi. Uhamisho uruhusiwe pale tu usipoiondoa shule mojawapo nje ya kipimo kilichokubaliwa, na nafasi zinazobaki ziwe na fungu la watoto wa kipato cha chini. Katika wilaya ya 15 ya Brooklyn, mpango wa shule za kati uliopitishwa 2018 ulitenga asilimia 52 ya nafasi kwa watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza na wasio na makazi, na ukaondoa mchujo wa alama na mahudhurio. Mpango huo haukutegemea mistari. Wengine waliobaki na mistari wanaweza kuazima hilo fungu. Ama kuhusu anwani ya shangazi, ambayo ghafla inakuwa na wapwa saba, kagua kwa kanuni moja kwa kila mtu: bili mbili za huduma na mkataba wa nyumba, na njia nyingine ya heshima kwa wanaoishi kwa kujibanza kwa ndugu. Sheria ya shirikisho inawalinda wasio na makazi, na ukaguzi wa kizembe huwakamata hao kabla ya wadanganyifu.

La tatu ni kubwa na haliko kwenye orodha yoyote ya wanafunzi: watoto wasiokuja. Orodha yako inaonyesha walio shuleni, haionyeshi walioko shule za binafsi, za mkataba (za umma zinazojiendesha nje ya wilaya) au nyumbani. Kila kipande kina kiwango chake cha kuvutwa, yaani kati ya watoto 100 wanaoishi humo, wangapi wanasoma katika shule za wilaya. Mtaa tajiri wenye kiwango cha 90 unaweza kushuka hadi 65 ukihamishiwa shule isiyopendwa. Rudi kwenye mfano wa shule nne. Shule ya kwanza ilitarajiwa kuwa na 300 wa kipato cha chini na 200 wengine. Kati ya 100 wapya wenye nafuu, 35 wasipokuja, inabaki na watoto 465, na umaskini ni asilimia 64 au 65, si 60. Bajeti inayofuata idadi ya vichwa imepungua, walimu wawili wameondolewa, na wale 65 waliokuja kwa nia njema wanaona madarasa yamejaa. Mwaka wa pili wanaanza kuondoka. Kila ramani ihesabiwe mara tatu: wote wakija, robo wasipokuja, theluthi wasipokuja. Inayoanguka kwenye hesabu ya tatu haifai kupelekwa kwa bodi. Kinga pekee tunayoijua ni kuiandaa shule inayopokea kabla ya mstari kusogezwa: mwalimu mkuu asiyeondoka katika mwaka wa mpito, muziki na sayansi vilivyokuwepo kule walikotoka, na ziara za wazazi wakati madarasa yanaendelea. Jumamosi wazazi huona korido tupu tu.

Vikao vya wananchi navyo vina ufundi wake. Kosa la kawaida ni kuweka ramani A, B na C ukutani na kuuliza watu wanapenda ipi. Kila mtu atatafuta nyumba yake, na majibu utakayopata ni ya anwani, si ya sera. Anza na vigezo miezi kadhaa kabla: shule ziwe ndani ya pointi ngapi za wastani wa wilaya, dakika ngapi za basi, mtoto asihamishwe zaidi ya mara ngapi, darasa lisikatwe vipi likienda shule ya kati. Bodi ivipigie kura vigezo hivyo hadharani, kwa mpangilio wa uzito, kabla ramani hazijakuwepo. Baadaye hasira ikipanda, na itapanda, mjadala una nguzo ya kushika. Kuhusu darasa kukatwa, jali hili: watoto wakiwa chini ya 15 au 20 kati ya kila mia moja ya wanaomaliza, wakapelekwa peke yao shule tofauti na wenzao, wanafika huko bila rafiki.

Ukumbi wa saa moja usiku hujaa wenye gari na wenye mtu wa kuwaangalizia watoto. Barua pepe 900 kutoka mitaa miwili si sauti ya wilaya. Nenda kwenye vyumba vya kufulia vya ghorofa, makanisani, foleni ya kuchukua watoto, kituo cha kugawa chakula, pamoja na mkalimani na swali moja fupi. Utasikia mambo ambayo ukumbini hayasemwi. Kwa mfano, wazazi wa kipato cha chini hawaombi kupelekwa kwa matajiri. Wanauliza kama kutakuwa na basi la jioni, na kama mtoto wao atawekwa darasa la nyuma akifika huko.

Kasi pia inaua. Kaunti ya Wake, North Carolina, iliweka mwaka 2000 lengo kwamba shule isiwe na zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa chakula cha bure au nafuu, wala zaidi ya asilimia 25 wanaosoma chini ya kiwango. Ilikuwa wilaya kubwa na iliyokua haraka, shule mpya zikifunguliwa kila mara, na kila ufunguzi ulihamisha watoto tena. Baada ya uchaguzi wa 2009 wingi wa bodi ulibadilika, na 2010 sera ikafutwa. Familia inayoweza kuvumilia kuhamishwa mara moja haivumilii mara ya pili, na hapo hata walioamini lengo hupiga kura dhidi yake. Ahidi kwamba kipande kikihamishwa hakitaguswa tena kwa miaka sita, na panga shule mpya zijazo kwenye ramani leo hata kama zitajengwa miaka mitatu baadaye. La Crosse, Wisconsin, ilipitisha mipaka ya shule za msingi kwa kipato mwaka 1992, ikilenga asilimia 15 hadi 45 katika kila shule, na wajumbe walioiunga mkono waliondolewa kwa kura maalumu mwaka huo huo. Mjumbe anayepiga kura ajue bei yake mapema. Kalenda nayo ibane: uamuzi upite kabla ya Januari, kwa sababu uandikishaji wa chekechea na mgao wa walimu huanza mapema mwakani, na njia za mabasi hupangwa kiangazi.

Ukisogeza mipaka na ukaacha mchujo wa ndani, umehamisha mgawanyiko kutoka barabarani hadi koridoni. Darasa la vipaji lenye mtihani wa kulipia maandalizi litajaa watoto wa upande mmoja. Katika mwezi wa kwanza, chukua orodha za madarasa na ufanye hesabu ile ile ya 0.52, safari hii chumba kwa chumba.

Baada ya hapo kazi ni jedwali moja, linalojazwa kila Oktoba watoto wakishatulia. Kila mstari ni kipande cha ramani kilichohamishwa. Safu: waliotarajiwa, waliofika, waliopata msamaha, waliohama kwa fomu, walioacha wilaya, na wastani wa dakika za basi, kila safu ikigawanywa kwa kundi la kipato. Mwaka wa kwanza safu ya misamaha huwa kubwa na haitishi. Mwaka wa pili angalia fomu. Mwaka wa tatu, ikiwa walioacha wilaya katika kipande fulani bado wanaongezeka, usiiguse ramani kwanza. Nenda shule inayopokea, uketi nyuma ya darasa siku mbili, na uulize mwalimu wa muziki aliondoka lini.